Wasomaji wa Ngozi

Kinyama kinachochukuliwa kwenye ngozi ili kipimwe mara nyingi hakizidi upana wa milimita 4. Daktari huchoma sindano ya ganzi, huzungusha kisu cha duara mpaka kizame, hukiinua kile kipande taratibu asije akakiponda, hukikata kwenye mafuta ya chini na kukitia katika kichupa cha formalini. Jeraha hushonwa uzi mmoja au miwili. Mgonjwa hurudi nyumbani kusubiri majibu, na kwa kawaida hapati kamwe kuwafahamu watu wawili ambao majibu hayo yatatoka mikononi mwao: mtaalamu wa maabara anayekikata kipande kile, na mwanapatholojia anayekisoma.

Kazi yao nataka kuieleza kwa kupitia kundi moja la maradhi adimu, maradhi ya histiosaiti kwenye ngozi ya watu wazima. Katika magonjwa mengi ya ngozi daktari mzoefu hulikaribia jibu kwa kutazama tu, na maabara humthibitishia. Haya hayamkubalii. Vinundu vinaweza kutokea usoni, kwenye kope, kwapani au vidoleni, vikawa vitatu au mia tatu, na hakuna wa kusema kwa uhakika ni nini mpaka seli zenyewe zisomwe. Wapo madaktari bingwa wa ngozi wanaostaafu wakiwa wamekutana na baadhi ya maradhi haya mara moja, au wasikutane nayo kabisa. Mazoea basi hayatoshi kumfundisha mtu kuyatambua. Kinachomfundisha ni nidhamu ya kutazama, na nidhamu hiyo ndiyo ninayoistaajabia.

Huanzia mkononi. Formalini huzifunga protini za kipande kisioze wala kubadilika umbo. Kisha maji yote hutolewa ndani yake kwa kukipitisha katika spiriti ambayo nguvu yake huongezwa hatua kwa hatua, spiriti nayo huondolewa kwa zailini, na nafasi inayobaki hujazwa nta ya moto. Siku hizi hayo hufanywa na mashine usiku kucha. Asubuhi huja jambo linalomhitaji mtu: kukisimamisha kipande ndani ya nta. Ngozi lazima isimame kwa ubavu, ili mkato upite kutoka kwenye tabaka gumu la nje hadi kwenye mafuta. Ikilala vibaya, msomaji ataona tabaka moja lililokatwa mshazari, na swali la kwanza kabisa, yaani ugonjwa umekaa kina gani, litabaki bila jibu. Mtaalamu ana kibanio kilichopashwa moto, kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, na muda mfupi kabla nta haijaganda. Hakuna wa kumsahihishia baadaye.

Bonge la nta likishapoa kwenye barafu hufungwa kwenye maikrotomu, yaani mashine ya kulikatia, na gurudumu huzungushwa. Kila mzunguko hutoa kipande chenye unene wa maikroni 4 hivi, wakati unywele wa mtu una unene wa kadiri ya maikroni 70. Vipande hutoka vikiwa vimeshikana ncha kwa ncha, utepe mmoja, na mtaalamu huupokea kwa brashi na kuulaza juu ya maji ya vuguvugu ili ujinyooshe. Maji yakizidi joto, tishu hutanuka na seli huachana. Yakipungua, mikunjo hubaki, na mkunjo ukishapakwa rangi hukolea mpaka ukaficha seli ambazo pengine ndizo zilizotafutwa. Wembe wenye pengo dogo huacha mchirizi mtupu toka juu hadi chini. Ripoti itakayotoka itakuwa na sahihi ya daktari peke yake, na kwa maoni yangu hilo ni pungufu. Msomaji hawezi kusoma kilichochanika.

Rangi zinazotumika ni zile zile za karne ya 19. Hematoksilini hutolewa katika kiini cha mti unaoota Amerika ya Kati, ambao Wazungu waliusafirisha kwa meli wakautumia kutia nguo rangi kabla haujaingia maabara. Hukipaka kiini cha seli buluu. Eosini, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1870, huupaka mwili wa seli rangi ya waridi. Vipimo vingi vya kisasa vimeingia tangu wakati huo, na bado kila ripoti ya ngozi huanzia kwenye rangi hizi mbili.

Anayedhani kwamba msomaji hukimbilia kuzikuza seli mara 400 hajamwona kazini. Kwanza huweka lenzi ndogo. Kama mwanamke mwenye ungo wa mchele anavyoutazama mchele wote kabla hajaokota chuya ya kwanza, naye hutazama mpangilio: mkusanyiko wa seli umejibana chini ya epidamisi, tabaka la juu la ngozi, au umeshuka hadi kwenye mafuta? Umeacha ukanda mtupu juu yake? Una mipaka, au unapenya katikati ya nyuzi za kolajeni? Maswali haya yote huulizwa kabla seli hata moja haijaitwa kwa jina. Walimu wa taaluma hii huwakataza wanafunzi kupanda lenzi kubwa mapema, na wana haki, kwa kuwa lenzi kubwa huonyesha seli moja vizuri mno na kuficha kijiji kizima.

Sasa histiosaiti zenyewe. Hizi ni seli za kinga zinazokaa ndani ya tishu. Baadhi yake, makrofaji, humeza vijidudu, mabaki ya seli zilizokufa, mafuta, hata wino wa chale. Nyingine, seli za Langerhans, hukaa juu kwenye epidamisi na kuzionyesha seli nyingine za kinga kitu kigeni kilichoingia. Tatizo ni kwamba sura ya histiosaiti hufuata shughuli yake. Ikimeza mafuta hujaa povu. Ikimeza chembe za damu huwa na madoa ya chuma ya kahawia. Zikishindwa kuvunja kitu huungana nyingi zikawa seli moja kubwa yenye viini tele. Mwiba uliosahaulika kwenye nyayo utazikusanya, kifua kikuu cha ngozi kitazikusanya, na sisti iliyopasuka chini ya ngozi vilevile. Ndiyo maana swali la msomaji ni gumu kuliko linavyosikika: seli hizi zimekuja kufanya kazi, au zenyewe ndizo ugonjwa?

Aliyeziona seli za Langerhans kwa mara ya kwanza alikuwa bado mwanafunzi. Paul Langerhans alikuwa na umri wa miaka 21 huko Berlin alipopaka ngozi ya binadamu kwa kloridi ya dhahabu na kuona seli zenye matawi ndani ya epidamisi. Alichapisha habari zake mwaka 1868, akadhani ni seli za neva. Tafsiri haikusimama lakini uangalifu wa jicho lake ulisimama; kile alichokichora kipo hadi leo mahali pale pale alipokichora. Baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha ndani ya seli hizo chembe za umbo la kipekee, zilizoelezwa na Michael Birbeck na wenzake mwaka 1961, na kwa miaka mingi chembe hizo ndizo zilizokuwa hati ya utambulisho wa seli hii katika ugonjwa wake, histiosaitosisi ya Langerhans.

Miongoni mwa maradhi haya, ule unaonishika zaidi ni retikulohistiosaitosisi ya sehemu nyingi. Frederick Parkes Weber na Walter Freudenthal waliuelezea London mwaka 1937, na jina lake ulipewa na Robert Goltz na Carleton Laymon huko Marekani mwaka 1954. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, mara nyingi katika umri wa miaka 40 na kitu. Kwa wengi wao viungo hutangulia. Vidole huvimba na kuuma, hasa kifundo kilicho karibu na kucha, kisha magoti na mabega. Mgonjwa huambiwa ana baridi yabisi na kupewa dawa zake. Miezi hupita, pengine miaka, ndipo vinundu vinapochomoza: mgongoni mwa mikono, masikioni, puani, na kuzunguka kucha, ambako hupangana mstari mmoja ambao madaktari huuita shanga za marijani. Hapo panahitaji tahadhari, kwa kuwa vitabu vinavyosifia wekundu wa shanga hizo viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi vinundu hivyo huwa vya kahawia au vya rangi ya zambarau iliyoiva, na anayengojea wekundu atavipita. Kinachobaki kumwongoza ni mahali vilipojipanga na ugumu wake chini ya kidole.

Ikichukuliwa shanga moja ikasomwa, slaidi husema kwa uwazi ambao katika kazi hii ni nadra. Seli ni kubwa mno. Mwili wake ni wa waridi, wenye chengachenga laini ambazo wataalamu huzifananisha na kioo kilichosagwa, na viini ndani yake ni viwili, vitano, kumi, vimetapanyika ovyo. Seli hizo hizo hukutwa kwenye utando wa ndani wa viungo. Kwa hiyo kipande kilichotoka pembeni ya kucha kinaeleza kinachotendeka ndani ya goti ambalo hakuna aliyeligusa. Tena seli hizi hubeba vimeng'enya vya seli zinazomumunya mfupa, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya mifupa ya vidole kulika mpaka kidole kikafupika na ngozi yake kujikunja juu yake. Madaktari wengine, kwa kuifuata ishara hiyo, huongeza dawa za kulinda mifupa juu ya dawa ya methotreksati. Ugonjwa wenyewe huweza kutulia baada ya miaka kadhaa, lakini kidole kilicholika hakirudi. Zaidi ya hayo, katika karibu robo ya wagonjwa walioripotiwa kulikuwa na saratani mahali pengine mwilini. Ndiyo sababu jina hili likishaandikwa kwenye ripoti, daktari hupima matiti, mapafu, tumbo na shingo ya kizazi. Kosa la kusoma hapa lina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mikono ya mtu: mikono ya kusuka, ya kukamua nazi, ya kuandika.

Kwetu Afrika Mashariki msomaji ana jukumu moja ambalo mwenzake wa Boston halikumbuki kila siku. Kabla hajaliandika jina lolote adimu, ni lazima auondoe ukoma. Ukoma wenye vijidudu vingi hujaza ngozi makrofaji yenye povu, hutoa vinundu usoni na masikioni, na huacha ukanda mtupu chini ya epidamisi. Kuna aina yake moja, iliyoelezwa na Herbert Wade mwaka 1963, ambayo seli zake hurefuka na kujipanga kama za uvimbe wa histiosaiti, zikamdanganya hata mtu makini. Rangi mbili za kawaida hazitamwokoa. Inahitajika rangi ya Fite, ambayo huwapaka bakteria wa ukoma wekundu ndani ya seli, na slaidi hiyo husomwa kwa lenzi kubwa kabisa yenye tone la mafuta, sehemu baada ya sehemu, bila haraka. Vivyo hivyo leishmania, na fangasi wa histoplazma: vijidudu vyake ni vidogo, hukaa ndani ya seli hizi hizi, na huonekana na anayevitafuta tu.

Katika jambo hili mji wa Moshi, Tanzania, unastahili kutajwa. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi, ukoma ukiwamo, kisha wakarudi kwenye hospitali za wilaya zisizokuwa na daktari bingwa. Tabibu wa namna hiyo ndiye anayeandika fomu inayofuatana na kichupa. Fomu isemayo "kinundu, mkononi" humnyima msomaji nusu ya ushahidi. Fomu isemayo mwanamke wa miaka 46, viungo vya vidole vimeuma kwa miaka miwili, vinundu vimezunguka kucha, ganzi hakuna, mishipa ya fahamu haijavimba, imekwisha kufanya kazi kubwa kabla slaidi haijafika chini ya lenzi. Ningependa kila chuo cha utabibu kiifundishe fomu hiyo kwa uzito ule ule wa kufundisha kushona jeraha.

Ugonjwa wa Rosai na Dorfman hupima uvumilivu kwa namna nyingine. Juan Rosai, mzaliwa wa Italia aliyekulia Argentina, na Ronald Dorfman, mzaliwa wa Afrika Kusini, waliutambulisha kwa ulimwengu mwaka 1969 wakiwa Marekani. Miaka minne kabla yao, Mfaransa Pierre Destombes alikwisha kuandika kuhusu wagonjwa wanne, vijana na watoto kutoka Antilles na Mali, wenye tezi zilizovimba na kujaa mafuta. Leo wengi huliongeza jina lake kwenye jina la ugonjwa, na ni haki yake. Alama kuu ni histiosaiti kubwa, nyeupe, yenye limfosaiti, seli nyingine za kinga, nzima nzima ndani ya mwili wake. Hazijamezwa zikavunjwa, zimeingia, na umbo lake ni kamili. Kwenye tezi alama hii huonekana kwa urahisi. Kwenye ngozi, ambako ugonjwa ukiwa peke yake huwapata zaidi watu wazima, seli hizo huwa chache, zimefunikwa na makovu na umati wa seli nyingine za uvimbe. Msomaji aliye mzuri huliona jambo mapema, kwenye lenzi ndogo: mabaka meupe yanayopokezana na mabaka meusi. Hapo hujua cha kutafuta, akateremka kwenye mabaka meupe na kuyapekua moja moja. Asiyeuliza swali hilo huandika "uvimbe sugu" na kuifunga ripoti, na hajaandika uongo, lakini mgonjwa hajapata jibu.

Kisha huja kingamwili za maabara. Kila aina ya seli hubeba protini zake, na kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya protini moja huishika hiyo tu. Kimeng'enya kilichofungwa kwake huacha rangi ya kahawia mahali iliposhika. Formalini, kwa kuzifunga protini, huzificha pia, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa kikwazo kikubwa, mpaka mwaka 1991 ilipoonyeshwa kwamba kuzipasha moto slaidi ndani ya maji maalumu huzifunua tena. Seli za Langerhans hushika kingamwili za protini ziitwazo CD1a na langerini. Zile za Rosai na Dorfman hushika S100 na kuikataa CD1a. Za retikulohistiosaitosisi hushika CD68 na kuzikataa hizo nyingine. Orodha hiyo mwanafunzi huikariri kwa jioni moja. Ustadi uko kwingine, katika kujua kwamba S100 huwaka pia kwenye melanoma na kwenye uvimbe wa neva, na CD68 huwaka kwenye seli zisizokuwa histiosaiti kabisa. Rangi ya kahawia hujibu swali lililoulizwa, hata kama swali lilikuwa baya. Na kwa kuwa si kila maabara ya kwetu ina chupa hizo zote, nawaheshimu zaidi wale wanaolazimika kuamua ni kingamwili ipi moja itakayonunuliwa kwanza, kwa sababu uamuzi huo wameufanya kwa jicho.

Mwaka 2010 watafiti wa Boston walivisoma vinasaba katika vipande vya histiosaitosisi ya Langerhans vilivyokuwa vimehifadhiwa, na zaidi ya nusu vilikuwa na badiliko lile lile katika jini iitwayo BRAF. Ubishi wa miongo mingi, kama hizi ni seli zilizokuja kazini au ni seli zilizogeuka, ukaegemea upande wa pili. Kilichowezesha usomaji huo ni nta: mabonge yaliyokatwa vizuri miaka ya nyuma, yakaandikwa namba, yakawekwa kabatini na watu ambao hawakuwahi kuisikia jini hiyo. Bonge la nta hukaa miongo kadhaa na bado hukatika. Maabara inayotunza makabati yake inatunza majibu ya wagonjwa ambao maswali yao bado hayajapatikana.

Badiliko hilo hilo likakutwa katika nusu hivi ya wagonjwa wa Erdheim na Chester. Jakob Erdheim wa Vienna na mwanafunzi wake Mmarekani, William Chester, waliwaelezea wagonjwa wawili mwaka 1930. Huu ni ugonjwa wa watu wazima, na ukionekana kwenye ngozi mara nyingi huwa madoa ya manjano kwenye kope, ambayo kila mtu huyachukulia kuwa ya kolesteroli. Mara nyingi huwa hivyo kweli. Lakini likikatwa doa moja likasomwa, msomaji anaweza kukuta seli za povu zimeshuka chini kuliko kawaida, kati yake mna seli kubwa zenye viini vilivyopangwa mduara, zile alizozieleza Karl Touton mwaka 1885, na kandokando yake makovu. CD68 inawaka. CD1a haiwaki.

Hapo jina la ugonjwa huandikwa kwa tahadhari, na chini yake mwanapatholojia huongeza maombi: apigwe picha za mifupa ya miguu yote miwili, hasa kuzunguka magoti, apimwe moyo, figo na ubongo, na bonge la nta lipelekwe kutafuta badiliko la BRAF. Likikutwa, ipo dawa, vemurafenibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mnamo Novemba 2017. Na wasio na badiliko hilo wana kobimetinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2022. Maumivu ya miguu ndiyo dalili inayowapata wengi wa wagonjwa hawa, na wapo wanaoishi nayo kwa miaka. Aliyekwenda hospitali kwa ajili ya kope hakuwa na sababu ya kuyataja. Daktari atamwuliza sasa, kwa kuwa ripoti imemwambia aulize.